Kununua Gari Lililotumika Kakamega: Haraka Yako Ina Mwenyewe

Mfanyakazi wa Kakamega anayetaka gari huanzia, mara nyingi, kwenye sako. Anajaza fomu, anatafuta wadhamini, mkopo unapita, pesa zinaingia kwenye akaunti na makato yanaanza kuonekana kwenye hati ya mshahara. Hapo ndipo anapoanza kuwauliza wenzake nani anauza Toyota Fielder. Tuseme amekopa Sh1,000,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Mwezi wa kwanza pekee, pesa zikiwa zimelala benki, zimemla Sh10,000, na kila Jumamosi inayopita bila gari anajiona anaibiwa. Mtu aliyefika hapo hawezi kusubiri hata akihubiriwa. Kila gari analoonyeshwa analitafutia sababu ya kulikubali.

Tunazungumza kuhusu subira kana kwamba ni tabia ambayo mtu huzaliwa nayo. Kwenye soko la magari subira ni mpango, na hupangwa kabla ya pesa kufika. Kila kinga aliyo nayo mnunuzi inakula muda: kuulizia umiliki NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kuiwasha injini asubuhi ikiwa baridi, kumleta fundi asiyemjua muuzaji, kuhamisha logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari. Anayekuharakisha anakuvua kinga hizo moja baada ya nyingine, na faida ya kuvuliwa kwako inaingia mfukoni mwake. Kwa hiyo ratiba inafaa kugeuzwa: gari litafutwe kwanza kwa miezi kadhaa, sako iulizwe masharti yake mapema, na mkopo uombwe gari likiwa limekwisha kupatikana na kukaguliwa. Muuzaji mwenye gari zuri na nia safi anaweza kungoja wiki mbili mkopo upite, hasa akiona makubaliano yameandikwa.

Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani George Akerlof alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akatunukiwa Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili kwa kazi yao juu ya masoko ambamo upande mmoja unajua mengi kuliko mwingine. Hoja yake ni nyepesi kuifuata. Muuzaji anaijua hali ya gari, mnunuzi haijui. Kwa kuwa haijui, mnunuzi hutoa bei ya wastani. Mwenye gari zuri akiona bei hiyo inamdhulumu, analiondoa sokoni. Yanayobaki ni mabovu kuliko wastani, mnunuzi naye akishtuka anapunguza bei tena, na mazuri mengine yanaondoka.

Ukitaka kuiona hoja hiyo mjini Kakamega, angalia magari mazuri yanavyopotea. Mwalimu anapohamishwa, au daktari anapoagiza gari jingine, lile la zamani halifiki yadi. Linanunuliwa na mwenzake wa kazini, au mshirika wa kanisani, au shemeji, kabla hata ya tangazo kuandikwa. Yanayoegeshwa kando ya barabara kuu yakiwa na karatasi yenye nambari ya simu kwenye kioo ni yale yaliyopita mikononi mwa watu wanaoyajua nao wakayaacha. Sisemi yote ni mabovu. Nasema anayetafuta huko peke yake anachagua kutoka fungu lililokwisha kuchambuliwa na watu wanaoyajua magari hayo kuliko yeye.

Lakini mji wa ukubwa huu una dawa ambayo Nairobi haina. Gari lililoishi Kakamega lina mashahidi. Yupo fundi aliyelibadilisha oili, yupo jirani anayejua kama lilikuwa likibeba watoto wa shule au magunia ya mahindi, yupo mlinzi wa langoni aliyeliona likisukumwa kila asubuhi. Watu wa hapa huyatambua magari ya wenzao kwa nambari. Mnunuzi aliyewaambia jamaa na wenzake mapema kwamba anatafuta gari, miezi sita kabla, anaingia kwenye mzunguko ule ambamo magari mazuri huuzwa kimyakimya. Kwa maoni yangu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote za kusubiri, kwa sababu muda hauishii kumwepusha mtu na gari bovu. Unamfikisha pia kwenye magari ambayo mwenye haraka hayaoni kabisa.

Hata hivyo wengi wetu tunalikwepa gari lililotumika hapa na kulikimbilia lililotoka Japani juzi. Sababu zipo. Viwango vya Kenya, KS 1515, vinataka gari linaloingizwa liwe halijazidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza na usukani uwe upande wa kulia, na shirika la viwango, KEBS, linataka likaguliwe huko linakotoka kabla ya kupakiwa melini. Ukaguzi huo ni kitu cha maana. Unathibitisha kwamba siku hiyo gari lilifaa kuwekwa barabarani. Hautoi ahadi kuhusu giaboksi litakavyokuwa baada ya mwaka mmoja wa matope ya Shinyalu.

Bei nayo ina hesabu yake. Tangu Julai 2023 ushuru wa forodha wa magari umekuwa asilimia 35 badala ya 25. Juu yake huja ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini, kisha VAT ya asilimia 16, kila kodi ikitozwa juu ya jumla ya zilizotangulia. Kwa gari dogo, kodi zote zikijumlishwa zinakaribia thamani ambayo forodha imelikadiria gari lenyewe. Anayelipa Sh1,500,000 kwa gari la Japani, sehemu kubwa ya pesa hizo imekwenda kwenye kodi, meli na faida ya mwenye yadi. Gari lenyewe mara nyingi lina miaka saba, maana waagizaji huchagua yaliyo karibu na kikomo kwa kuwa huko Japani yameshashuka bei.

Hapo ndipo herufi za nambari zinapotudanganya. Kenya gari hupewa thamani kwa herufi: namba C, namba D. Mfululizo wa KDA ulianza karibu na mwisho wa 2020, na wa KCA karibu na 2015. Herufi hizo zinasema gari liliingia nchini lini. Lilitengenezwa lini ni jambo jingine. Gari la KCA lililoingia 2015 huenda lilitengenezwa 2008, na la KDA la mwanzo huenda ni la 2013 au 2014. Nimesikia watu wazima, wenye hesabu nzuri katika mambo mengine yote, wakisema gari "lina miaka mitano" kwa sababu ya herufi tu. Mwaka wa kutengenezwa umo kwenye logibuku, na hata asiye na logibuku mkononi anaweza kuvuta mkanda wa usalama mpaka chini na kusoma kilebo kilichoshonwa karibu na mwisho, ambacho kwenye magari mengi ya Japani hubeba mwaka.

Umri wenyewe hautoshi, na hakuna gari linaloonyesha hilo vizuri kuliko Toyota Probox, ambalo lilianza kutengenezwa 2002 na sasa limekuwa farasi wa Magharibi mwa Kenya. Chukua Probox mbili za mwaka mmoja. Ya kwanza ni ya mwalimu anayekwenda shuleni na kurudi, na kanisani siku ya ibada. Kwa mwaka inatembea kilomita 10,000 hivi. Ya pili inabeba abiria kati ya Kakamega na Kisumu, kilomita 50 hivi kila upande. Ikienda na kurudi mara tatu kwa siku, hiyo ni kilomita 300. Kwa siku 25 za mwezi ni 7,500, na kwa mwaka ni 90,000. Miaka miwili ya kazi hiyo inalizeesha gari sawa na miaka kumi na minane ya mwalimu. Siku ya kuuzwa zote mbili zimeoshwa, zote nyeupe, na odometa ya pili, kwa namna ambayo mafundi wa dashibodi wanaijua vizuri, inasoma kilomita 84,000.

Odometa inaweza kurudishwa nyuma. Bati haliwezi. Fungua mlango wa nyuma utazame kizingiti: viatu vya abiria wengi huikwaruza rangi mpaka bati linaonekana, na dereva wa familia hafikishi hapo hata kwa miaka kumi. Unyanyue mlango huohuo kwa mkono ukiwa nusu wazi. Mlango ukicheza juu na chini, bawaba zimechoka kwa kufunguliwa mara mia kwa siku. Inua zulia la buti utafute matundu ya bolti mahali ambapo Toyota hawakuweka tundu, dalili kwamba palifungwa benchi. Chungulia springi za nyuma: zikiwa zimechomekwa vipande vya mpira katikati, gari lilibebeshwa uzito usio wake. Pedali ya breki iliyolika mpira mpaka chuma kinang'aa haiwezi kuwa ya kilomita 84,000.

Ajali nazo zinasomeka. Magari yaliyoharibika vibaya hulipiwa na kampuni za bima, mabaki yake huuzwa kwa mnada, na mafundi wa bodi huyarudisha barabarani. Kuna yanayotengenezwa vizuri, lakini mnunuzi ana haki ya kujua. Tazama bolti zinazoshika boneti na mabango ya magurudumu ya mbele. Kiwandani hupakwa rangi pamoja na bodi, kwa hiyo bolti iliyowahi kufunguliwa ina rangi iliyopasuka kwenye kona zake. Soma alama ndogo kwenye vioo vyote: kimoja kikiwa cha kampuni tofauti na vingine, uliza kilivunjikaje. Katika mafuriko ya Nairobi ya Aprili na Mei 2024, magari mengi yalizama. Gari lililowahi kuzama huwa na kutu kwenye reli za viti na mstari wa tope kwenye ule mwisho wa mkanda wa usalama ambao hakuna anayekumbuka kuuosha.

Hali ya hewa ya Kakamega inasaidia anayejua kuitumia. Mji huu hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na nyingi hunyesha alasiri. Gari lisikaguliwe likiwa limelowa, kwa sababu maji huficha mikwaruzo na tofauti za rangi. Likaguliwe asubuhi kukiwa na jua, kisha mnunuzi arudi kesho yake baada ya mvua abonyeze zulia kwa kiganja. Asubuhi ndipo pia injini husema kweli. Fika kabla haijawashwa, weka mkono juu ya boneti, na kama ni moto uliza kwa nini. Muuzaji aliyeiwasha mapema ili uikute imetulia amekunyima sauti ya mnyororo unaogonga na moshi wa samawati wa sekunde za kwanza, ambao ni oili inayoungua. Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta utando mweupe kama maziwa, huenda maji yanaingia mahali pasipostahili, na hapo hakuna la kuzungumza kabla fundi hajasema.

Giaboksi ndilo linaloua bajeti za watu. Magari mengi madogo ya Toyota, Honda na Nissan ya miaka ya karibuni yana giaboksi za CVT, ambazo zinataka mafuta yake maalumu. Fundi aliyezoea giaboksi za zamani akimimina mafuta ya kawaida, gari linatoka gereji likienda vizuri, na uharibifu unaanza polepole ndani. Kuzunguka mtaa wa Milimani kwa dakika tano hakuonyeshi lolote. Mlima unaonyesha. Kakamega iko juu ya Kisumu kwa takriban mita 400, na barabara inayotoka Mamboleo kupanda hadi Kiboswa ni kipimo kizuri kuliko mashine nyingi: gari likishapata joto, injini ikapanda mvumo bila kasi kuongezeka, au mtetemo ukaja pale unapokanyaga mafuta, umejibiwa. Kwa magari ya haibridi kama Aqua, ongeza uchunguzi wa betri kubwa kwa kompyuta, na uulize kwanza ni fundi gani wa hapa karibu atakayeweza kuitengeneza.

Wazee wa Khayega na Malinya hawalipii fahali wa kupigana kwa kumtazama amesimama. Wanataka atembezwe, wamwone anavyokanyaga, waulize alizaliwa wapi na ameshapigana na nani. Maswali hayohayo yangetosha kwa gari, kama tungeyauliza kwa utulivu uleule.

Utulivu huo ndio broka anaokuja kuuvunja. Sina chuki na broka. Anaunganisha watu wasiojuana na anastahili malipo yake. Ila malipo hayo yanakuja siku gari linapouzwa tu, kwa hiyo kila siku unayofikiri ni siku anayokula hasara. "Mwalimu, kuna daktari wa Mumias anakuja saa nane na pesa taslimu, mimi nilikuwa nakusaidia tu kwa sababu wewe ni mtu wetu." Daktari huyo huenda yupo. Kama yupo na gari ni zuri, akilichukua, yapo mengine: Fielder na Premio hazijawahi kuisha nchini. Uliyepoteza nafasi ya kununua umebaki na pesa zako, na aliyenunua kwa hofu ya kupitwa amebaki na gari.

Safari ya Nairobi ina shinikizo la namna yake. Mtu anapanda basi la usiku, anafika yadi za Ngong Road alfajiri akiwa hajalala, ana ruhusa ya siku moja kazini, na nyumbani wanasubiri kumwona akirudi anaendesha. Ameshaamua kununua kabla ya kuliona gari. Kama ni lazima ununue mbali, safari ya kwanza iwe ya kutazama tu, pesa zibaki nyumbani, na ukaguzi ufanywe na mtu anayelipwa kwa ukaguzi. AA ya Kenya hufanya kazi hiyo, na wapo mafundi wanaojitegemea. Fundi alipwe sawasawa iwe umenunua au umeacha, na mlipaji awe wewe peke yako. Fundi anayetarajia bahasha ya muuzaji amekwisha kuwa broka wa pili. Sh5,000 za kukuambia "acha" ni rahisi kuliko giaboksi lolote.

Makaratasi ndiyo sehemu ambayo mnunuzi mwangalifu hushindwa kwa uchovu, baada ya kumaliza nguvu zote kwenye injini. Kuulizia umiliki kupitia akaunti ya NTSA kwenye eCitizen kunagharimu takriban Sh550 na kunatoa jina la mwenye gari, namba ya chasisi na ya injini. Linganisha namba hizo na zilizogongwa kwenye chuma chenyewe, kwa macho yako. Jina lisipokuwa la anayekuuzia, huenda unazungumza na mtu asiye na gari la kuuza. Sheria ya uuzaji wa bidhaa inasema wazi kwamba asiye mwenye mali hawezi kumpa mnunuzi haki ambayo yeye mwenyewe hana. Ukilinunua kwa mwizi, hata kwa moyo safi, mwenyewe akitokea litarudi kwake.

Mikopo ya logibuku imeleta hatari nyingine. Tangu Sheria ya Haki za Dhamana ya Mali Inayohamishika ya 2017, mkopeshaji anaweza kusajili dai lake juu ya gari kwenye rejista ya serikali, na dai hilo linaweza kulifuata gari likiuzwa. Angalia kama logibuku ina jina la benki au kampuni ya mikopo pamoja na la mmiliki, kisha upekue rejista ya dhamana pia. Deni likiwapo si lazima uondoke. Pesa zako zinaweza kwenda moja kwa moja kwa mkopeshaji, alifute dai, na salio lifike kwa muuzaji. Hilo linahitaji siku kadhaa, na muuzaji anayekataa siku hizo amekueleza mengi.

Mpaka wa Uganda uko karibu, na magari ya bei nafuu kutoka Busia na Malaba hupita mikononi mwa watu wetu. Uganda tangu 2018 inaruhusu kuingiza magari yasiyozidi miaka 15, sisi 8. Gari la miaka 12 lenye nambari za Uganda ni halali kule, na kulisajili hapa hakuwezekani, haidhuru broka ana "mtu wake ofisini". Unafuu wake wote unaishia kwenye kizuizi cha kwanza cha polisi.

Na logibuku ihame. Sheria ya Trafiki, kifungu cha 8, humhesabu aliyeandikwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine, na kifungu cha 9 kinatoa siku 14 baada ya mauzo gari kuandikishwa kwa mmiliki mpya. Hili linamhusu muuzaji kama linavyomhusu mnunuzi. Aliyeliachia gari lake kwa mkono, akaridhika na karatasi iliyotiwa saini, anaweza kushtakiwa kwa ajali iliyotokea Mumias miaka miwili baadaye akiwa hajui hata gari liko wapi. Muuzaji huanzisha uhamisho kwenye akaunti yake na mnunuzi huukubali kwenye yake. Wakifanya hivyo wakiwa wameketi pamoja benki, pesa zikihama wakiwa hapohapo, hakuna anayemwachia mwenzake imani tupu.

Yote haya yanamtwika mnunuzi kazi ambayo serikali ingeweza kuipunguza kwa gharama ndogo. Japani gari la kawaida hukaguliwa miaka mitatu baada ya kusajiliwa, kisha kila miaka miwili, na usomaji wa odometa huandikwa kila mara. Cheti linachosafiri nacho gari kutoka kule hubeba kumbukumbu hiyo. Likishavuka Mombasa, kumbukumbu inakatika. Bima tunaikata kila mwaka bila mtu kuandika kilomita. Mwaka 2025 NTSA iliweka mbele ya umma rasimu ya kanuni za ukaguzi zinazoyagusa pia magari binafsi yaliyozidi miaka minne, na mjadala ukaegemea gharama kwa wenye magari, jambo linaloeleweka. Manufaa kwa wanunuzi hayakuzungumzwa vya kutosha. Usomaji wa odometa ukiandikwa kila ukaguzi, na ukatokea kwenye majibu yaleyale ya Sh550, ile Probox ya Kisumu haitauzwa tena kwa bei ya ile ya mwalimu.